Mwenzako Akinyolewa

Methali zetu nyingi tumezizoea mno hata hatusikii tena zinasema nini. Mojawapo ni ile isemayo: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Huitumia mtu anayetaka kumwonya mwenziwe kwamba balaa lililomfika jirani liko njiani kuja kwake. Jirani kaachishwa kazi, nawe jiandae. Jirani kaibiwa, nawe funga mlango. Ni sawa, kwa kuwa ndivyo methali hiyo ilivyokusudiwa. Lakini mtu akisha kuwa babu, akawa anashinda nyumbani na watoto wa miaka miwili na mitatu, huanza kuiona maana nyingine iliyo karibu zaidi, nayo ni maana ya maneno yenyewe kama yalivyo. Mtoto mdogo hukubali kutiwa maji kichwani pale anapomwona mwenzake ananyolewa. Asipomwona hakubali, na ukimlazimisha mtaa mzima utajua.

Katika insha hii nataka kusema juu ya mambo mawili ambayo watu wazima huyaona madogo, yaani chakula ambacho mtoto hukikataa na nywele zake za kwanza kunyolewa. Nilifundisha watoto wa shule kwa miaka mingi, na mtoto wa shule humfikia mwalimu akiwa amekwisha kupita katika mapambano hayo mawili. Ameshinda au ameshindwa huko nyumbani, mbele ya bakuli na mbele ya wembe, na namna alivyotendewa huko huja nayo darasani.

Kwanza tumtazame mtoto mwenyewe. Mtoto anayezaliwa na kilo 3 hufikisha kilo 9 hivi anapotimiza mwaka mmoja. Ameongezeka mara tatu. Lakini katika mwaka wa pili huongeza kilo 2 tu, au 2 na nusu. Mwili wake umepunguza mwendo, na mwili uliopunguza mwendo haudai chakula kwa pupa kama zamani. Mama aliyezoea kuona bakuli la uji likirudi tupu huliona sasa likirudi nusu, akashikwa na wasiwasi. Wakati huohuo mtoto ameanza kutembea, na waliochunguza tabia za watoto wanaeleza kwamba huu ndio umri ambao hofu ya chakula kigeni huanza kupanda. Baadhi yao hudhani ni kinga ya maumbile: mtoto wa kubebwa hula anachopewa na mama yake, lakini mtoto wa kutembea aweza kuokota jani lenye sumu, hivyo ni heri asiamini kila kitu. Tena ndiyo kwanza amelipata neno lenye nguvu kuliko yote aliyojifunza, nalo ni "sitaki". Mwenye silaha mpya hawezi kuiacha alani.

Mambo hayo ni ya watoto wote duniani. Ila hapa katika uwanda wetu wa kati kuna jambo jingine, nalo halimo ndani ya mtoto bali limo ndani yetu sisi wazee. Dodoma ni nchi ya mvua moja. Huanza Desemba, hukoma Aprili, na kwa kawaida haifiki hata milimita 600 kwa mwaka mzima. Ikikatika Februari wakati uwele na mtama unatoa masuke, mwaka umeharibika. Wazee wa Ugogo walikuwa wakihesabu miaka yao kwa njaa. Iliyo kubwa kuliko zote waliiita Mtunya. Ilikuwa baada ya majeshi ya Wajerumani, na kisha ya Waingereza, kupita humu wakati wa vita vya kwanza vya dunia, yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo; halafu mvua nayo ikakosekana. Tangu 1917 hadi 1920 watu walikufa kwa wingi. Wanahistoria wamekadiria kwamba katika watu wapatao 150,000 waliokuwa wakikaa katika nchi hii, 30,000 walipoteza maisha.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana mwaka wa Mtunya. Nilimkuta akiwa mzee, na kitu alichokuwa hawezi kukivumilia ni kuona tonge limebaki. Hakupiga kelele. Aliinama, akaliokota, akalila yeye mwenyewe, hata kama lilikuwa na mchanga. Mama yangu alilelewa na watu wa namna hiyo, mke wangu vivyo hivyo. Basi mtoto wa uwandani anapofumba mdomo na kugeuza shingo, mkubwa aliye mbele yake haoni mtoto asiyetaka ugali. Anaona kaburi. Hapo ndipo mkono unapopanda, na hasira inayoonekana kuwa ni ya malezi kumbe ni hofu tu iliyovaa nguo ya malezi.

Kutokana na hofu hiyo ilizuka desturi ambayo wasomaji wengi wa rika langu wanaijua. Mtoto hulazwa mapajani, mikono yake ikabanwa, kisha pua ikabanwa pia. Akifungua kinywa ili avute pumzi, uji humiminwa. Wengi wamekua kwa njia hiyo, na ndiyo hoja ya wanaoitetea. Lakini mtoto anayevuta pumzi na kumeza kwa wakati mmoja hupaliwa, na uji ukishuka katika njia ya hewa huweza kuleta homa ya mapafu au kumwua pale pale. Wauguzi wameikemea desturi hii kwa miaka mingi. Isitoshe, hata akinusurika, mtoto huyo amejifunza kwamba chakula ni kitu ambacho watu unaowapenda hukufanyia kwa nguvu. Kesho akiona kijiko tu, atalia.

Sasa nieleze lililotokea katika nyumba yetu. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu 1973. Watumishi wakaanza kuja kwa makundi, na mmoja wao alikuwa mwanangu. Alifika mwaka 2017 pamoja na mkewe na mtoto wao wa kiume aliyekuwa anakaribia miaka miwili. Nyumba za kupanga zilikuwa zimepanda bei kwa ghafla, kwa hiyo wakakaa nasi Nkuhungu wakati wakitafuta mahali. Mkwe wangu kwao ni Pangani. Mtoto alikuwa amelelewa kwa wali, samaki na tui la nazi. Mimi humwita mume mwenzangu, kama ilivyo desturi ya babu na mjukuu, na mke wangu alimpokea mumewe huyo mdogo kwa chakula cha heshima cha kwetu: ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga.

Mtoto aliutazama ule ugali wenye rangi ya majivu. Akagusa mlenda kwa kidole, akainua, akauona unavutika kama uzi, ukakataa kukatika. Alipiga yowe. Tangu siku hiyo hakutaka hata kukaribia jiko. Alikula ndizi, alikula wali ukipikwa, na zaidi alikunywa chai na biskuti, kwa kuwa kila aliyemwona analia alimpa chai na biskuti. Baada ya miezi miwili kadi ya kliniki ilionyesha kwamba kutoka kilo 11 ameshuka hadi 10 na nusu. Ule mstari uliokuwa ukipanda tangu azaliwe ulipinda kwa mara ya kwanza.

Mke wangu alisema mtoto anafundishwa dharau. Mkwe alisema mtoto hajazoea. Siku moja asubuhi mke wangu alimweka mtoto mapajani na bakuli la uji wa uwele, akanyoosha mkono kwenye pua yake, naye mkwe alitoka chumbani mbio akamnyakua mwanawe. Hakuna aliyetoa neno la matusi. Ingekuwa afadhali wangetoa. Kwa siku mbili wanawake wale walipishana uani wakisalimiana kwa "shikamoo mama" na "marahaba" tu, basi. Jioni ya siku ya pili mwanangu alinijia akaniambia, huku akitazama chini, kwamba wamepata chumba kimoja upande wa Chang'ombe, hakina umeme bado, lakini wataondoka mwisho wa mwezi. Nilielewa kwamba si chumba kilichowaita. Nyumba ilikuwa inataka kuvunjika kwa ajili ya bakuli la uji.

Niliwaomba jambo moja tu kabla hawajaondoka: mtoto ale pamoja nasi. Maana hadi hapo alikuwa halishwi na watu, alikuwa analishwa na mtu. Binti wa kazi alimkalisha peke yake kwenye kiti, akamwekea katuni kwenye simu, akawa anamvizia na kijiko kila alipofungua mdomo kwa mshangao. Sisi wengine tulikula baadaye. Mtoto hakuwa amepata kutuona tukila ule ugali wa majivu. Kwa jinsi alivyojua yeye, kilikuwa kitu kilichotengenezwa ili kumtesa yeye peke yake.

Basi tukatandika jamvi chini ya mwarobaini, jioni, tukakaa sote, pamoja na wajukuu wengine wawili wa binti yangu waliokuwa wa miaka minne na sita. Muuguzi wa kliniki alikuwa ameshauri mambo mawili, nasi tukayafuata. La kwanza, chai na biskuti zikome. Chai hujaza tumbo bure, tena huzuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyomo katika chakula. La pili, mtoto awe na bakuli lake. Hili la pili lilimshangaza mke wangu, kwa sababu sisi tumekulia kwenye sinia moja. Lakini muuguzi alikuwa na hoja. Kwenye sinia mwepesi wa mkono hushiba na mzito hubaki na njaa, wala mama hawezi kujua nani kala nini. Bakuli liwe lake, jamvi liwe la wote.

Sharti langu lilikuwa kwamba mtu asimwambie kitu: asimbembeleze, asimsifu, asimtishe. Kila jioni aliwekewa tonge moja dogo na mlenda kidogo pembeni, pamoja na chakula anachokijua. Kwa kuwa mazoea ya ualimu hayaishi, niliandika katika daftari. Siku ya 1 hadi ya 4, hakugusa. Siku ya 5 alimwona mjukuu wa miaka minne akiuvuta mlenda juu kabisa na kuudaka kwa ulimi, akacheka. Siku ya 6 alitia kidole. Siku ya 8 alilamba kidole, akakunja uso kama mzee aliyeonja shubiri. Siku ya 11 alilichukua tonge, akalichovya kama alivyowaona wenzake, akala. Hakuna aliyepiga makofi, ingawa mama yake aliinuka ghafla akaenda kutazama maji jikoni ambayo hayakuwa motoni.

Baadaye nilisoma kwamba waliolipima jambo hili kwa makini wameona kuwa mtoto mdogo aghalabu huhitaji kuonjeshwa chakula kigeni mara 8 hadi 15 ndipo akikubali. Wazazi wengi hukoma mara ya tatu au ya nne, wakasema, "Huyu hapendi." Nilisoma pia habari za daktari mmoja wa Marekani, Clara Davis, aliyefanya uchunguzi wake huko Cleveland na kisha Chicago, na kuutangaza mwaka 1928 na tena 1939. Aliwachukua watoto 15 walioachishwa ziwa karibuni, akawawekea mbele vyakula vya kawaida visivyochanganywa wala kutiwa sukari, akawaamuru wauguzi wasimshawishi mtoto yeyote. Kila mtoto alichagua kwa namna yake, wengine kwa namna ya kuchekesha, lakini wote walikua vizuri. Wengi walioyasikia hayo walifurahi wakidhani mtoto ana hekima ya kuzaliwa nayo. Yeye mwenyewe alisema siri ilikuwa katika orodha ya vyakula: hakikuwamo kibaya cha kuchagua. Maana yake, kazi imegawanyika. Kinacholetwa jamvini ni amri ya mkubwa. Kiasi kitakachoingia tumboni ni amri ya mtoto.

Kuhusu mke wangu, aliyemgeuza hakuwa mimi wala daktari wa Chicago. Ni pweza. Mama mzaa mkwe alikuja kutoka Pangani kutuona, akatuletea pweza mkavu, zawadi ya thamani kwao. Alipikwa kwa tui la nazi. Mke wangu alimtazama mnyama yule na vijishimo vya mikono yake minane, akasema kwa adabu kwamba leo tumbo halimkai vizuri. Alikula ugali kwa chumvi. Mjukuu, aliyekuwa anamtafuna pweza kwa furaha, alimtazama bibi yake akauliza kwa sauti: "Bibi hataki?" Kicheko kilianza kwa wakwe, kikaishia kwa bibi mwenyewe, hata akajifuta machozi. Nikakumbuka kwamba sisi sote, tulipoletewa unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo katika miaka ya upungufu, ule uliobatizwa jina la yanga, tulinung'unika kwa sababu ya rangi tu, nasi tulikuwa watu wazima wenye njaa. Mchagua nazi hupata koroma, twasema, tukimlenga mtoto. Ni nani kati yetu asiyechagua? Baada ya wiki moja mkwe aliomba kufundishwa kuutwanga mlenda mkavu, na habari ya chumba cha Chang'ombe haikuzungumzwa tena.

Sitaki msomaji adhani kwamba jamvi latosha kutibu kila kitu. Mtoto aliyekuwa anakula vizuri akakataa ghafla huenda ana malaria, minyoo, vidonda vya kinywa au upungufu wa damu, na anayekula udongo anatuambia kitu juu ya damu yake. Huyo apelekwe kliniki, asipelekwe jamvini. Kuna pia ule utepe wa rangi wanaozungushia mkono juu ya kiwiko: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, ukisoma chini ya sentimita 11.5 umeangukia kwenye nyekundu, na hapo hakuna mjadala wa kuchagua chakula, ni hospitali.

Tena wako watoto wengi ambao hawachagui kwa sababu hakuna cha kuchagua. Taarifa ya taifa ya afya ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Tumepiga hatua, ila ni hatua fupi, nasi watu wa nchi zenye nafaka hatuna sababu ya kujivuna. Mtoto wa kijijini hupewa uji mzito, akameza vijiko vitano akasukuma bakuli, watu wakasema mkaidi. Tumbo lake ni dogo kama ngumi mbili. Ameshiba kabla hajapata nguvu. Ukiongeza maji ili uji uwe mwepesi, umempa maji. Jirani zetu wa Iringa katika miaka ya 1980 walionyeshwa na wataalamu njia ambayo bibi zetu waliijua kwa ajili ya pombe: kimea. Mtama au ulezi hulowekwa, huoteshwa, hukaushwa, husagwa. Kijiko kimoja cha unga huo katika uji mzito ulioanza kupoa huuvunja wanga, uji ukalegea bila kuongezewa maji. Mtoto hunywa zaidi na kupata nguvu zaidi katika bakuli lilelile. Karanga zilizosagwa vizuri zikiingia humo, ni bora zaidi. Karanga nzima, hata hivyo, asipewe mtoto mdogo kamwe, kwani humkwama kooni. Kwa hiyo kabla hatujamwita mtoto mkaidi, tulichunguze bakuli kwanza.

Nakuja kwenye nywele. Binadamu hawana sheria moja juu ya nywele za tumboni. Waislamu hunyoa siku ya saba katika akika, nywele zikapimwa uzito na sadaka ya fedha ya uzito huo ikatolewa. Wahindu tulio nao hapa mjini husubiri hadi mwaka wa kwanza au wa tatu, na Masingasinga hawanyoi kabisa. Katika ukoo wetu bibi ndiye aliyenyoa, na nywele zilifukiwa mahali pasipokanyagwa. Mjukuu wetu huyu alizaliwa mdogo sana, akakaa hospitali wiki kadhaa, na siku ya saba ikapita bila wembe. Upande wa mama yake ni Waislamu, sisi ni Wakristo. Nyumba za namna hiyo si haba Tanzania. Pande zote mbili zilizitaka nywele hizo. Lakini baada ya habari ya pweza watu hawakuwa na hamu ya ugomvi. Ilikubaliwa kwamba zitanyolewa, zitapimwa, sadaka itatolewa, kisha bibi atazifukia. Kila mmoja alipata chake.

Hakuna aliyekumbuka kumwuliza mwenye nywele. Baba yake alimpeleka kwa kinyozi karibu na soko la Majengo. Kinyozi alikuwa amevaa koti jeupe, na mtoto alikuwa na kumbukumbu yake kuhusu watu wenye makoti meupe: ndio wanaochoma sindano. Mashine ilipoanza kunguruma na kipande cha nywele kikaanguka mbele ya macho yake, aliona sehemu ya mwili wake imekatwa na kutupwa sakafuni. Mkubwa anajua kwamba unywele hauna maumivu na utaota tena. Mtoto wa miaka miwili angejulia wapi? Alipigana kwa nguvu zote. Baba yake, kwa busara, aliamuru kazi ikomeshwe. Akarudi nyumbani na mtoto mwenye nywele upande mmoja na kipara upande wa pili, naye akatembea hivyo mtaani kwa siku tisa, jirani wakija kwa zamu kuchungulia.

Tuna methali nyingine isemayo mtoto akililia wembe mpe. Huyu hakuulilia, aliulilia usimfike. Siku ya kumi nilimwita kinyozi kijana aje nyumbani, bila koti, na mashine yake iliyosafishwa kwa spiriti, maana mapunye huenda kutoka kichwa hadi kichwa, na wembe wa kuchangia unaweza kuleta maradhi makubwa kuliko hayo. Niliketi kwenye kigoda chini ya mwarobaini ule ule. Nikampa mjukuu kopo la maji, nikamwambia anisaidie. Alinimwagia, yakaingia masikioni na shingoni, akafurahi mno. Akaangalia mvi zangu zikidondoka. Aliokota chache, akazitazama, akanitazama usoni kuona kama nimeumia. Baada yangu akaketi binamu yake mkubwa, naye akamwagiwa. Alipomaliza yule wa miaka minne, mume mwenzangu alijimwagia maji mwenyewe kichwani, upande wa kipara na upande wa nywele, akapanda kigodani akafumba macho.

Hapo ndipo niliposikia kile ambacho methali inasema. Tumeifanya kuwa methali ya balaa, na ndani yake kuna ujuzi mzima wa ualimu. Chuoni tulifundishwa mengi juu ya kutayarisha somo, lakini mtoto wa umri huu hafuati somo wala amri. Anafuata kundi. Samaki mkunje angali mbichi ni neno la kweli, nalo limetumika vibaya na wanaodhani kukunja ni kuvunja. Mtoto hujikunja mwenyewe pale anapoona wengine wamekunjika na hawakuumia.

Jambo linalonipa shaka sasa ni kwamba kundi lenyewe linapungua. Mji wetu umekuwa jiji tangu 2018. Nyumba nzuri zimejengwa Iyumbu, Ilazo na kwingineko, zenye uzio na geti, ndani mna mtoto mmoja na binti wa kazi mmoja na simu moja. Wazazi hutoka gizani na kurudi gizani. Mtoto analishwa na katuni. Siwalaumu, kazi ni kazi. Lakini naomba wapate jioni moja moja, hata Jumapili tu, watandike kitu chini, waite watoto wa jirani, wale mbele ya mtoto wao kile wanachotaka yeye ale. Haina gharama. Unga ni uleule na mboga ni ileile.

Mjukuu wangu sasa yuko shule ya msingi. Hakuwa mlaji wa kila kitu. Bilinganya hadi leo haligusi, nami simwulizi. Walihama kwetu kwa amani walipopata nyumba, na mwaka 2020 akazaliwa dada yake. Nywele za huyo ziliposubiri hadi alipotimiza mwaka na nusu, utosi ukiwa umefunga, walikuja Nkuhungu kumnyoa. Nilikuwa nimekwisha kutoa kigoda nje na kujaza kopo. Lakini kaka yake alifika kabla yangu, akaketi, akainamisha kichwa, akamwita mdogo wake aje ammwagie maji.